Asidi «dhaifu»: tupime udhaifu wake kwa pH



Mara hii ukurasa wetu wa Usalama na Afya una hesabu. Msigeuze karatasi upesi! Chukueni kalamu, na mwenye mtoto wa sekondari amwite akae karibu, kwa sababu hesabu hii wanapewa shuleni na mara nyingi wanaifanya kama kasuku, bila kujua inasaidia nini. Mimi si profesa wa kemia. Nilisoma shule ya ufundi ya wauguzi, na huko kemia yetu ilikuwa ya miezi michache tu. Mengine nilijifunza baada ya kosa langu mwenyewe, na kosa hilo nalisimulia kwanza.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi, katika kambi moja ambayo jina lake naliacha. Saa nne ya usiku kijana mmoja, msaidizi wa laboratwari, alifika dispanseri akiwa ameshika mkono wake.

«Munganga, kidole kinaniwaka moto ndani ya mfupa.»

Nikaangalia. Ngozi nzima, hakuna lengelenge, ila ncha ya kidole imepauka kidogo. Nikamwuliza amegusa nini. Akasema saa nane ya mchana alikuwa akiosha vyombo vya kuyeyushia mawe, na glavu yake ilikuwa na tundu dogo. Hakusikia kitu. Alinawa kidogo, akamaliza kazi, akaenda nyumbani, akala bukari yake vizuri.

«Asidi gani?»

«Ile ya fluoridriki, munganga. Lakini ni asidi dhaifu, hata kitabu kinasema.»

Na kweli, nikakumbuka kitabu cha shule: kinaiweka katika orodha ya asidi dhaifu. Nikampa vidonge vya maumivu, nikamwambia arudi asubuhi. Alirudi kabla ya jua kutoka, hakuwa amelala hata dakika moja, na ncha ya kidole ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Munganga mkubwa alipofika alimshughulikia kwanza mgonjwa, kisha akanigeukia na kuniuliza maneno matatu tu: «Dhaifu kwa nani?»

Kijana alipona, lakini kucha na kipande cha ncha ya kidole havikurudi. Swali la munganga nimelibeba tangu siku ile, na leo nataka tulijibu pamoja kwa tarakimu.

Mlango wa kiwanda

Asidi ni kitu ambacho kikiingia katika maji huachilia chembe ndogo sana ziitwazo ioni za hidrojeni. Tunaziandika H⁺. Hizo ndizo zinazofanya siki iwe chungu ulimini, na ndizo zinazokula chuma. Molekuli nzima ya asidi tuiandike HA. Ikiachana, inakuwa H⁺ upande mmoja na A⁻ upande wa pili. Mtu wa kwanza kueleza vizuri kwamba vitu huachana hivi ndani ya maji ni Svante Arrhenius wa Sweden, katika maandishi yake ya shule kuu ya mwaka 1884. Waalimu wake wa Uppsala walimpa alama ndogo. Mwaka 1903 alipata Tuzo ya Nobel kwa mawazo hayohayo. (Watoto wenye alama mbaya wasikimbilie kumtaja Arrhenius mbele ya baba. Yeye alikuwa amefanya kazi.)

Asidi kali, kama asidi ya kloridriki, inaachana yote. Ukitia molekuli elfu moja ndani ya maji, karibu zote elfu zinaachana. Asidi ya sulfuriki, ile ya viwanda vya Likasi na Kolwezi inayoyeyusha shaba, ile iliyomo pia katika betri za magari, nayo ni kali: H⁺ yake ya kwanza inaachiliwa yote, ya pili kwa sehemu.

Asidi dhaifu ni ile ambayo sehemu ndogo tu inaachana. Molekuli nyingi zinabaki nzima. Fikirini mlango wa kiwanda wakati wa kubadilishana zamu. Watu wanatoka, wengine wanaingia, mlango haupumziki, lakini ukihesabu walio nje utakuta hesabu ni ileile, kwa sababu anayetoka analipwa na anayeingia. Asidi dhaifu ni hivyo. Molekuli zinaachana na kurudiana saa zote, na hesabu ya zilizoachana inasimama mahali pamoja.

Basi neno «dhaifu» la wanakemia linasema jambo moja tu: ni wangapi walio nje ya mlango. Halisemi neno lolote juu ya ngozi yako.

pH ni nini

Mwaka 1909 Søren Sørensen, mwanakemia wa laboratwari ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, mjini Copenhagen, alichoka kuandika tarakimu zenye sifuri nyingi. Akatunga kipimo kifupi, pH. Ndiyo, rafiki zangu, kipimo tunachotumia kwenye matanki ya asidi kilizaliwa kwenye kiwanda cha bia. Sitasema zaidi.

Maji safi yana pH 7. Ukishuka hatua moja, ioni za H⁺ zinaongezeka mara kumi. Katika litri moja, pH 3 maana yake ni moli 0,001 za H⁺, pH 2 ni moli 0,01, na pH 1 ni moli 0,1. Moli ni namna ya kuhesabu molekuli kwa mafungu, kama tunavyohesabu mayai kwa dazeni, ila fungu hili ni kubwa mno na kila kitu kina uzito wake kwa moli moja. Moli moja ya asidi ya asetiki, asidi ya siki, ina gramu 60.

Ikiwa pH haiko kwenye hatua kamili, tufanye hivi. Tuseme pH ni 2,88. Kwenye mashine ya kuhesabu, hata ile ya telefone, unaandika 10, unabonyeza alama ya kupandisha kipeo, unaandika 2,88 pamoja na alama ya kutoa. Inatoka 0,00132. Asiye na mashine afanye kama sisi zamani, kwa jedwali la logariti: 2,88 ni 3 toa 0,12, jedwali linasema 10 kwa kipeo 0,12 ni 1,32, basi jibu ni 1,32 mara 0,001. Ni kitu kilekile.

Sasa hesabu yenyewe

Tumetia gramu 6 za asidi ya asetiki katika maji hata yakatimia litri moja. Gramu 6 ni sehemu ya kumi ya 60, basi tuna moli 0,1. Tunapima kwa mashine ya pH, joto likiwa nyuzi 25, tunakuta 2,88.

Ioni za H⁺ ni 0,00132. Kila molekuli iliyoachana imetoa H⁺ moja na A⁻ moja, kwa hiyo A⁻ nazo ni 0,00132. Zilizobaki nzima ni 0,1 toa 0,00132, yaani 0,09868.

Konstanti ya kuachana, ambayo vitabu vyote vinaiandika Ka, inapatikana kwa kuzidisha zilizoachana (H⁺ mara A⁻), kisha kugawanya kwa zile zilizobaki nzima:

Ka = (0,00132 × 0,00132) ÷ 0,09868

Juu tunapata 0,00000174. Tukigawanya kwa 0,09868 inatoka 0,0000176. Hiyo ndiyo Ka ya asidi ya siki. Fungueni kitabu chochote cha kemia, mtakuta tarakimu ileile au jirani yake wa karibu.

Kwa nini inaitwa konstanti, yaani kitu kisichobadilika? Chukueni siki ya mezani, ambayo ina karibu gramu 50 za asidi kwa litri. Gramu 50 gawanya kwa 60 ni moli 0,83. Ipimeni, mtapata pH karibu 2,4, maana yake H⁺ 0,004. Zidisha 0,004 kwa 0,004, gawanya kwa 0,826: inatoka 0,0000194. Kipimo chetu cha pH hakina tarakimu nyingi, kwa hiyo jibu limesogea kidogo, lakini tazama: siki hii ina asidi zaidi ya mara nane, pH imebadilika, na Ka imebaki karibu palepale. Wilhelm Ostwald, aliyekuwa rafiki wa Arrhenius, alionyesha sheria hii mwaka 1888. Jambo la ajabu ni kwamba katika ile ya gramu 6, molekuli 13 katika elfu ndizo zimeachana. Katika siki nzito ni 5 tu katika elfu. Ukiongeza maji, zinaachana zaidi. Wengi wanadhani ni kinyume.

Juu ya karatasi ya rangi, ile ya kuchovya, neno moja. Ni nzuri kwa kujua kama kitu ni asidi au siyo. Kwa hesabu ya Ka haitoshi. Ukikosea pH kwa 0,3 tu, H⁺ inakuwa mara mbili, na kwa kuwa tunazidisha H⁺ kwa nafsi yake, Ka inakuwa mara nne. Mtoto akileta nyumbani Ka iliyo mara nne ya kitabu, kabla ya kumkaripia mwulizeni alipima na nini.

Waliobaki ndani ya mlango

Sasa tunafika mahali panapotuhusu sisi wa kazi.

Chukua vyombo viwili vya litri moja. Cha kwanza kina ile asidi ya asetiki yetu, pH 2,88. Cha pili kina asidi ya kloridriki iliyopunguzwa kwa maji mengi hata nayo ikawa pH 2,88. Karatasi ya rangi inasema ni ndugu mapacha. Lakini ukitaka kuvizima kwa soda kostiki, chombo cha kloridriki kinamaliza gramu 0,05 tu za soda, na chombo cha asetiki kinamaliza gramu 4. Ni zaidi ya mara sabini!

Kwa nini? Kwa sababu soda inakula walio nje ya mlango, na wakiliwa, walio ndani wanatoka kuchukua nafasi yao, tena na tena, mpaka nyumba iwe tupu. pH inahesabu walio nje. Walio ndani huwaoni. Ka ndiyo inayokwambia kwamba wako, na ni wengi kiasi gani. Mtu anayemwaga mabaki ya asidi dhaifu akisema «pH yake si mbaya» amehesabu walinzi wa mlango, hakuhesabu zamu nzima.

Turudi sasa kwa kidole cha yule kijana. Asidi ya fluoridriki inatumika katika laboratwari kuyeyusha mawe yenye silika, ambayo asidi nyingine zinashindwa. Inakula hata kioo, ndiyo maana inakaa katika chupa za plastiki, na ndiyo maana msiipime kwa mashine ya pH yenye kichwa cha kioo, mtaiharibu. Mimi nawapa tarakimu tayari: moli 0,1 kwa litri, yaani gramu 2 tu, ina pH 2,1. Hesabuni wenyewe. H⁺ ni 0,0079. Mara nafsi yake ni 0,0000624. Zilizobaki nzima ni 0,0921. Ka ni 0,00068.

Ni kubwa mara 39 kuliko Ka ya siki, lakini bado ni dhaifu: katika elfu, 79 zimeachana, na 921 ziko nzima. Kloridriki ya wingi uleule ingekuwa na pH 1, na kloridriki iliyo nzito ingeunguza ngozi upesi. Mtu angepiga kelele na kukimbilia bomba la maji. Hiyo kelele ni mlinzi wake. Molekuli nzima ya fluoridriki haina chaji ya umeme, ni ndogo, inapenya ngozi kimya kama maji katika kitambaa. Ikifika ndani ya nyama, huko ndiko inakoachana. A⁻ yake ni fluoridi, na fluoridi inakamata kalsiamu ya mwili: ya nyama, ya mfupa, hata ya damu. Moyo hauwezi kupiga sawasawa bila kalsiamu. Kwa asidi hii, jeraha likiwa kubwa, mtu anaweza kufa akiwa na ngozi isiyotisha machoni.

Angalieni vizuri: A⁻ ya siki nayo inaingia mwilini kila tunapokula kachumbari, na haitudhuru. Ka inasema ni wangapi walio wazima, na hapo inaishia. Tabia ya A⁻ ni habari nyingine, na lazima kuijua kwa jina la kila asidi.

Maumivu ya fluoridriki iliyo chini ya asilimia 20 yanaweza kuchelewa hata saa 24. Kwa hiyo mtu akimwagikiwa, asisubiri kuumwa. Maji mengi mara hiyohiyo, glavu na nguo zivuliwe chini ya maji, kisha jeli ya kalsiamu glukonati ipakwe na kusuguliwa mahali pale, na mgonjwa apelekwe hospitali akitaja jina la asidi. Kama jeli haipo, endeleeni na maji njiani kadiri mnavyoweza. Anayempaka avae glavu yeye pia. Na mahali ambapo asidi hii inatumika, jeli iwepo kabla ya chupa kufunguliwa. Kuitafuta baada ya ajali ni kazi bure. Kwa asidi nyingine, maji yanayotiririka dakika 15 au 20 bila kupunguza. Msitie soda juu ya ngozi ili «kuzima»: joto la kuzimana linaongeza jeraha.

Njia ya nusu, na hewa ya mayai mabovu

Kuna njia ya pili ya kupata Ka, nzuri kwa mtu asiyejua alitia gramu ngapi. Chukua asidi dhaifu, izime yote kwa soda kostiki ukihesabu ulitia kiasi gani. Kisha chukua kiasi kilekile cha asidi mpya, utie nusu tu ya soda ile. Sasa nusu ya molekuli zimekuwa A⁻ na nusu zimebaki HA. Katika hesabu yetu A⁻ na HA zinafutana, inabaki Ka = H⁺. Pima pH, geuza kuwa H⁺, umemaliza. Kwa siki utakuta pH 4,76, ambayo ni 0,0000174. Mimi naipenda njia hii kuliko ya kwanza.

Nao ufunguo huu wa nusu unafungua mlango mwingine, mbaya zaidi. Pale tunapoelesha mawe ya shaba ya aina ya oksidi, mara nyingi hutiwa sulfidrati ya sodiamu, NaHS. Watumikaji wa konsantrateri wanaijua kwa harufu yake. Ndani ya maji inatoa HS⁻, na HS⁻ ni A⁻ ya asidi moja dhaifu sana: hidrojeni sulfidi, H₂S, hewa ya mayai mabovu. Ka yake ni karibu 0,0000001. Kwa njia ya nusu, hiyo ni pH 7.

Sasa hesabuni pamoja nami. Maji ya tanki yakiwa pH 9, katika sehemu mia moja, karibu moja tu ni H₂S, nyingine 99 zimetulia ndani ya maji zikiwa HS⁻. Yakishuka kuwa pH 7, nusu kwa nusu. Yakifika pH 5, ni 99 katika mia, na H₂S hiyo haipendi kukaa majini, inatoka hewani. Hatua nne za kipimo, na tanki lililokuwa la kazi linakuwa tanki la kuua. Inatosha mtu mmoja kumwaga mabaki ya asidi katika mfereji unaokutana na mfereji wa NaHS. Hakumwaga sumu, alimwaga asidi ya kawaida. Sumu ilikuwa imelala pale, imefungwa na pH.

Msitegemee pua. Kidogo, H₂S inanuka sana. Ikizidi, inaua hisia ya pua, na mtu anasema «harufu imepita» wakati hewa imekuwa nzito zaidi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inashuka mashimoni na chini ya matanki. Mwenzako akianguka huko usishuke kumfuata bila chombo cha kupumulia. Piga kengele, ita kikosi cha uokoaji. Najua ni vigumu kusimama pembeni rafiki akiwa chini. Lakini anayeshuka mikono mitupu anaanguka juu ya mwenzake, na sisi wa dispanseri tunaletewa wawili.

Wake wa watumikaji nao wana sehemu yao hapa. Mara nyingi mume anarudi na chupa ya soda au ya maji ya kunywa ambayo kiwandani ilitiwa kitu fulani «cha kuondoa kutu». Dawa nyingine za kutu zina fluoridriki ndani yake. Haina rangi, haitoi kelele kwenye ngozi ya mtoto, na mtoto haelezi. Chupa isiyo na jina isilale nyumbani hata usiku mmoja.

Zoezi la kufanya mezani

Asidi ya formiki ina jina linalotokana na neno la Kilatini la sisimizi, kwa sababu watu wa kwanza walioipata waliitoa kwa sisimizi. Moli moja ina gramu 46. Tumetia gramu 4,6 katika maji hata yakatimia litri moja. Mashine inaonyesha pH 2,38. Ka ni ngapi, na molekuli ngapi katika elfu zimeachana? Mtoto afanye peke yake kwanza, baba na mama wasimnong'oneze.

Jibu: asidi ni moli 0,1. H⁺ ni 0,00417. Mara nafsi yake ni 0,0000174. Zilizobaki nzima ni 0,0958. Ka ni 0,00018, na zilizoachana ni karibu 42 katika elfu. Aliyepata 0,000174 amesahau kutoa zilizoachana kabla ya kugawanya. Hajakosea sana, na kwa siki asingeona tofauti, lakini kwa fluoridriki angeiona. Ajaribu tena na zile tarakimu za juu, gramu 2 na pH 2,1, aone jibu lake linavyosogea.